Pwani Tuliyoifagia

Nungwi, 9 Januari 2024

Mwanangu Nadra,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa mguu wangu unaonigomea kila asubuhi mpaka niubembeleze. Naomba barua hii ikukute na afya na soksi nzito, maana kaka yako Khatib ananiambia huko Uholanzi baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mimi baridi ya meno sijapata kuiona na wala sina hamu nayo.

Khatib bado yupo Amani, bado hajaoa, na bado anasema mwakani. Mdogo wako Salhiya ana mimba, usimwambie mtu, ingawa tumbo lenyewe limeshaanza kutangaza. Najua utauliza kwa nini naandika na sikupigii simu. Simu ya nyumba hii ni ya mtaa mzima. Nikikupigia, Salhiya anaweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza kukuuliza hali jirani keshajibu.

Sasa nije kwenye langu. Tangu serikali ilipoifutia ile kampuni ya hoteli hati yake na kuing'oa miti ya uzio, wanawake wote tumerudi pwani yetu ya Kichangani. Kila mmoja amelifungua shimo lake la kuozeshea makumbi. La mama yako, Mungu amrehemu, nimelijaza mimi mwenyewe. Nimeyapanga makumbi ya nazi, nikayafukia kwa tope na kuyalaza mawe juu, vilevile kama alivyokuwa akifanya. Inshallah yataiva wakati wa kusi, tutayapondaponda, na kamba ya kwanza itakuwa yako. Bibi yako alitugawia mashimo yale mimi na mama yako tukiwa wari, la kwangu na la kwake ubavu kwa ubavu, na sitaki niwe mimi niliyelipoteza la mdogo wangu.

Lakini tumesikia kampuni imeishitaki serikali, kesi iko huko uliko, na wewe ni mmoja wa mawakili wa serikali. Sheha wetu, Bwana Abdulwahid, anasema majaji watakuja kuiona pwani kwa macho yao. Ni kweli? Na wakija, sisi tufanye nini?

Mama yako mkubwa,
Sichana


Hague, 30 Januari 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, na koti bado liko mwilini. Mguu huo upakwe mafuta ya karafuu na upumzishwe, ingawa najua utaupaka na hutaupumzisha. Salhiya mpe hongera zangu za siri. Mimi mzima. Nakula mikate baridi mchana, na jana nilimwona mzungu anauza dafu moja kwa bei ambayo ukiisikia utakaa chini.

Uliyosikia ni kweli, na mimi nimo humo. Iko hivi. Zamani, mimi ningali nasoma Kurani chuoni kwa Maalim, nchi yetu ilitia saini mkataba wa kulinda uwekezaji na nchi ya hawa wenye kampuni. Mkataba unasema mwekezaji akiona ameonewa, hana haja ya kuja kwenye mahakama zetu. Anaipeleka serikali huku, mbele ya wasuluhishi watatu: mmoja kamchagua yeye, mmoja tumemchagua sisi, na wa tatu wamekubaliana hao wawili. Watakalosema ndilo, hakuna rufaa ya maana. Yeye anaweza kuishitaki serikali. Serikali haiwezi kuanza kumshitaki yeye. Na nyinyi, ambao mashimo ni yenu, hamumo kabisa.

Sisi tunajitetea kwamba hati ilifutwa kwa sababu pwani ile inatumiwa na watu, tena tangu enzi, na kampuni iliahidi kuwaachia kisha ikaweka uzio. Tuliomba nyinyi kina mama mpewe hata asubuhi moja ya kusema. Wamekataa. Wamesema nyinyi si wahusika wa shauri, serikali inatosha kuwasemea. Asiyekuwepo na lake halipo, mama mkubwa. Nilikuwa nadhani ni methali, kumbe ni sheria ya kimataifa.

Ziara ipo. Siku sheha ataambiwa. Umeniuliza mfanye nini, na hilo ndilo siwezi kukujibu. Imetoka amri kwamba upande wowote usizungumze na wakaazi kuhusu ziara hiyo, wasije wakafundishwa la kusema. Mkubwa wangu amenionya mara mbili kwa sababu anajua mimi ni mzaliwa wa Nungwi. Hata kwenye safari yenyewe ameniondoa. Nikivunja amri, wenzetu wataruka nayo na kesi yote itaharibika. Kwa hiyo nisamehe, na usiniulize tena.

Mwanao,
Nadra


Nungwi, 28 Februari 2024

Mwanangu Nadra,

Leo nakuandikia kwa furaha, hata mguu umenisahau. Salhiya anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili kama mtu aliyetumwa. Khatib alikuja na halwa kutoka mjini, na utaona sasa hivi ilikwenda wapi.

Wageni wako wamekuja na wameondoka, na hatukukuaibisha. Hukutaka kusema neno, basi, nikasema mwanangu kafungwa mdomo, lakini adabu hatuhitaji kufundishwa na wakili. Sheha alipotuambia siku, tulikutana kwa Bi Mwanamkasi. Unamjua alivyo. Akasema, "Enhe, watu watoke kwao Ulaya waje wakute uvundo wa makumbi? Nyie hamna haya?" Na kweli, Nadra, shimo likifunguliwa linanuka, sisi tumezoea tu. Yale maji meusi, yale mawe yametapakaa, wavu mbovu huku, vipande vya usumba wa makumbi kule. Hapo si mahali pa kumpokelea mtu.

Basi tukafanya kazi. Maji yalipotoka tulishuka sote, wazima na wagonjwa, tukafukua kila shimo. Makumbi tukayabeba mpaka nyuma ya kijiji kwenye lile bonde la mawe. Mashimo tukayajaza mchanga mweupe. Mawe tukayaondoa. Kisha tukafagia pwani nzima kwa fagio za njukuti, tangu kwenye miti ya mikadi mpaka maji yanapoishia. La mama yako nalo nililifukua. Yalikuwa hayajaiva hata nusu, na moyo uliniuma, lakini siwezi kuwaambia wenzangu wafukue nami nibakishe la kwangu. Nilisema mama yako angefanya hivyohivyo, maana alikuwa hawezi kuona mgeni anavua viatu kwenye sakafu chafu.

Walikuja asubuhi, na msururu wa mawakili nyuma yao. Wasuluhishi walikuwa wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe. Tukawatandikia mikeka, tukawapa madafu na halwa ya Khatib, tukawanyunyizia marashi. Sheha alitaka kuwaeleza habari za pwani, wakili mmoja akanyanyua mkono, mkalimani akasema wageni hawaruhusiwi kuzungumza na wenyeji, wamekuja kutazama tu. Basi wakatazama. Wakapiga picha huku na huku. Yule mwanamke alivua viatu akatembea mpaka kwenye maji, akarudi akamwambia mkalimani kwamba hajapata kuona pwani safi kama hii. Mkalimani akatunong'oneza. Bi Mwanamkasi akapiga kigelegele palepale.

Nilikutafuta kati yao, ingawa uliniambia huji. Wameondoka wanacheka. Mgeni njoo mwenyeji apone. Naona sasa tutapona.

Mama yako mkubwa,
Sichana


Hague, 6 Aprili 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, na Eid njema kwako na kwa wote, ingawa barua itafika mmeshamaliza kula. Hapa tunafuturu wachache, kwenye chumba cha Msomali mmoja anayejua kupika sambusa lakini hajui kunyamaza. Khatib nilimwandikia, hajajibu.

Barua yako niliipata. Nakuuliza jambo moja tu: yale makumbi mmeyarudisha mashimoni? Na mlipiga picha yoyote kabla ya kufukua, hata ya simu, hata ya mtoto anacheza?

Nina kazi nyingi. Nitaandika nikipata nafasi.

Nadra


Nungwi, 11 Juni 2024

Mwanangu Nadra,

Barua yako ililala posta mjini mwezi na zaidi, kwa sababu Khatib alikwenda Pemba kutazama mchumba. Ndiyo, umesoma vizuri. Tusiseme sana tusije tukamtisha.

Salhiya amejifungua salama, mtoto wa kike, mweusi tii, ana masikio ya babu yako. Tumemwita Biasha, jina la mama yako. Wewe umeniuliza habari za makumbi kabla ya kuuliza mimba ilikwisha vipi. Ulivyokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unaniuliza, "Mama mkubwa, vikombe vyetu viko vingapi?" Basi nimekujua tangu hapo.

Makumbi hayakurudi. Yaliyoanza kuiva yakapigwa na jua yamekuwa magumu kama vijiti, hayafai shimoni wala jikoni. Tunangoja nazi mpya. Picha hatukupiga. Nani anapiga picha ya shimo linalonuka?

Umevunja kikombe gani, Nadra? Niambie.

Sichana


Hague, 3 Oktoba 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Mbusu Biasha mdogo kwenye masikio hayo ya babu. Sikulia siku niliyosoma jina lake, nimelia leo.

Uamuzi umetoka. Tumeshindwa. Ni kitabu kizima, na kurasa nyingi zinazungumzia faida ambayo kampuni ingeipata lau hoteli ingejengwa, hoteli ambayo haina hata tofali moja. Pwani yenu imepewa aya moja. Nakufasiria: "Baraza lilipoitembelea pwani inayobishaniwa, halikuona alama yoyote kwamba wakaazi wanaitumia kwa shughuli za mara kwa mara. Pwani ilikuwa tupu na safi." Basi. Kwa hiyo serikali ilifuta hati bila sababu ya kweli, na sasa ama ilipe fidia ambayo ni kama bajeti ya hospitali zetu, ama ielewane na kampuni kwa njia nyingine.

Tuliwaambia mashimo yapo. Tuliwapa maelezo ya sheha kwa maandishi. Wenzetu wakasimama na picha za siku ile, mchanga mweupe, mikeka, madafu, kina mama wanapiga vigelegele, wakasema, "Hawa ndio watu mnaosema wanaukataa utalii?" Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma na nilikuona kwenye picha, umevaa ile kanga yako ya Eid, umeshika birika la marashi.

Nina hasira, na sijui niipeleke wapi. Mlifagia ushahidi, mama mkubwa. Mliufukua kwa mikono yenu, mkaubeba, mkaenda kuutupa bondeni. Bora wangekuta uvundo.

Nadra


Nungwi, 20 Oktoba 2024

Nadra,

Sisi wazima. Khatib kaposa.

Unaniambia tulifagia ushahidi. Sisi tulifagia pwani. Ushahidi ni neno lako, na ulikuwa nalo mdomoni tangu Januari ukalimeza.

Nilikuuliza kwa kalamu hii hii, wakija tufanye nini? Ukaniambia nisikuulize tena. Sawa. Sikukuomba unifundishe uwongo. Ungeniambia "Mama mkubwa, kaeni kama mlivyo," maneno matano, ningeelewa, tusingegusa jiwe. Umekulia mikononi mwangu. Umefagia ua huu na ufagio mrefu kuliko wewe kila akija mgeni, hata akiwa muuza samaki. Umesoma skuli zote hizo, umefika mpaka Ulaya, na hukuweza kukisia kwamba tukiambiwa wageni wakubwa wanakuja tutafagia? Au ulikisia, ukanyamaza?

Na hao wenye akili, walioketi kwenye mkeka wangu, wakanywa dafu nililolipasua mimi, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Bibi, hapa mnafanya nini siku zote?" Wamesafiri bahari zote hizo kuja kutazama, wakakatazwa kuuliza. Kipofu angejua zaidi, maana angekanyaga mashimo yakatitia.

Sheha anasema serikali haina pesa za kulipa, itawarudishia pwani. Ni kweli? Na usinijibu kwamba umefungwa mdomo, nimechoka na mdomo huo.

Sichana


Mkunazini, Mji Mkongwe, 15 Januari 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo, na najua huenda usiitike. Nimerudi Unguja tangu Disemba. Nimepanga chumba Mkunazini, juu ya duka la viungo. Khatib anajua, nilimkataza asikwambie. Nungwi ni safari ya asubuhi tu, nami nakaa nakuandikia barua, kwa sababu uso wa kuja sina.

Ni kweli. Kampuni inarudishiwa pwani, na inaacha kudai fidia. Makubaliano hayo niliyaandika mimi. Wakubwa wangu waliniambia, "Wewe unaijua sehemu, andika wewe." Niliweka kifungu cha mashimo, kwamba kila mwanamke abaki na shimo lake. Kikarudishwa kimekatwa kwa wino mwekundu. Mawakili wa kampuni waliandika pembeni kwamba mashimo yasiyoonekana na Baraza hayawezi kulindwa. Upande wetu hakuna aliyebisha, walikuwa wanataka kuondokana na deni. Nikapata njia ya miguu tu, upana wa watu wawili, ya kupita kwenda majini.

Umeniuliza kama nilikisia. Nilikisia. Niliposoma barua yako ya kwanza nilikuona kabisa na ufagio mkononi. Nikajiambia amri ni amri, na kwamba tukiifuata sheria itatulinda. Mawakili wa kampuni nao waliifuata. Wao haikuwagharimu kitu.

Nimeomba kuhamishwa kutoka kitengo kile. Wamekubali upesi mno.

Nadra


Nungwi, 12 Agosti 2025

Mwanangu Nadra,

Marahaba. Ile ya Januari ndiyo naiitikia sasa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haiandiki vizuri, ndiyo maana nikaiacha ipoe. Haijapoa yote.

Biasha anatembea. Akiona ufagio anaukimbilia, nami namnyang'anya. Khatib ameahirisha harusi kwa sababu ya ukumbi, mchumba amenuna, ana haki. Mguu ni ule ule.

Uzio umesimama tena, safari hii wa chuma. Njia yako ya watu wawili ipo. Ukiwa na kapu la makumbi kichwani inakuwa ya mtu mmoja, lakini inapitika. Mwezi wa pili, nazi zilipopatikana, tuliipita. Maji yalipotoka tulishuka mmojammoja, tukafukua mchanga tulioujaza wenyewe, na kila mmoja alilijua shimo lake kwa unyayo. Mlinzi alitaka kutuzuia. Bi Mwanamkasi akamuuliza mama yake ni nani, akamtajia mpaka nyanya yake, na kijana akageuka akaangalia baharini. Meneja alipiga kelele, akaleta karatasi, akatuonyesha. Tukamwambia sisi si wahusika wa shauri. Hilo nililipata kwako.

Sasa sikia. Wiki ijayo wanaweka jiwe la msingi. Watakuja wakubwa kutoka mjini na kutoka nje, na hema limeshasimamishwa juu kidogo ya mashimo. Makumbi ndiyo yanaiva, na upepo wa kusi unapanda kutoka huko huko. Jana Bwana Abdulwahid amekuja mpaka kizingitini, kofia mkononi. "Bi Sichana," anasema, "nnakuombeni, nyie watu wazima. Yafukueni kwa siku ile moja tu, wageni wakishakwenda mtayarejesha. Msinitie aibu."

Nilimkaribisha kahawa akanywa. Kisha nikamwambia, "Wa mwanzo tuliwafagilia, wakaandika hatupo. Hawa wa sasa watatunusa."

Shimo la mama yako nimelijaza, lakini kulifukua sifukui tena, ni lako. Makumbi yatakuwa tayari siku hiyo hiyo ya jiwe lao. Njoo asubuhi na kanga kuukuu, na viatu vyako vya kazini viache Mkunazini.

Mama yako mkubwa,
Sichana